Binti Bado Anasoma

Niliambiwa niseme binti bado anasoma.

Maneno hayo niliyabeba kutoka Mikindani hadi Lindi mjini, kwenye basi la asubuhi, pamoja na bahasha ya posa tuliyokuwa tunairudisha. Nikakaribishwa chumba cha mbele. Nikavua viatu, nikamwamkia mzee wa nyumba, akaniitikia marahaba. Ikaletwa chai ya mchaichai na sahani ya ming'oko, maana walishasikia kwamba naipenda. Nilikula kwanza. Kisha nikasema wazee wanawashukuru sana kwa heshima mliyotupa, lakini binti bado anasoma.

Binti alimaliza chuo mwaka juzi. Kijana wao ndiye aliyempiga picha akiwa na joho.

Mzee aliitazama bahasha mkononi mwangu, hakuipokea mara moja. Akasema, "Tumeelewa, mwanangu. Kunywa chai."

Sasa ni wiki ya saba, na chai ile haijanishuka.

## Neno lililofichwa

Sababu yenyewe ilitamkwa barazani kwa mjomba, mara moja tu, kwa sauti ya chini: si kufu yetu. Mama mkubwa akaongeza, "Wale ni watu wa nyumba." Hakuna aliyeuliza nyumba gani. Ni nyumba yetu. Babu wa mzee yule wa Lindi aliwahi kuwa mali ya babu wa mjomba wangu.

Msomaji uliyekulia pwani hii huhitaji kuelezwa zaidi. Unajua kwamba neno "mtumwa" halitamkwi mbele ya watu wenye heshima. Tunasema mtu wa nyumba. Tunasema mzalia. Tunasema "asili yao Wanyasa", hata kama anayesemwa hajawahi kuliona ziwa. Tunasema "wametoka kwetu", kwa tabasamu, kama vile walikuja kututembelea wakachelewa kuondoka.

Ami wa binti, ambaye ndiye walii, mwenye haki ya kumwoza, baada ya baba yake kutangulia mbele ya haki, alisema kwa simu atafuata watakaloamua wazee wa huku. Dada yangu, mama wa binti, alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso.

Mdogo wangu wa kiume, aliyekuja kutoka Dar, ndiye pekee aliyejaribu. Alikumbusha kwamba Mtume (S.A.W.) alimwoza Zaid bin Haritha, aliyekuwa mtumwa akaachwa huru, binti wa shangazi yake mwenyewe, Zainab bint Jahsh. Mjomba akamsikiliza mpaka mwisho, akajibu taratibu, "Na ndoa ile ilidumu?"

Baraza lote likanyamaza. Mimi pia.

Mimi ni mwalimu wa historia.

## Vipindi viwili

Kukomeshwa kwa utumwa ni mada ninayoifundisha kila mwaka, na huwa naimaliza kwa vipindi viwili. Naandika ubaoni mikataba mitatu: Moresby 1822, Hamerton 1845, Barghash 1873. Wanafunzi wananakili. Wanaotoka Mikindani wanapita kila siku mbele ya jengo linaloitwa soko la watumwa, wanaotoka Kilwa Kivinje wamekulia kwenye bandari iliyopitisha maelfu ya watu waliotembezwa kutoka upande wa Ziwa Nyasa, na bado nawapa tarehe tatu na sababu nne za kukariri.

Usiku niliorudi kutoka Lindi niliwasha taa, nikafungua vitabu. Nilikuwa namtafuta mtu aliyewahi kukaa barazani kama lile na asinyamaze.

Nikampata mahali ambapo huwa simfundishi kabisa, kwa kuwa hayumo kwenye mtihani.

## Mtu aliyechoma katiba

William Lloyd Garrison alikuwa mchapaji wa Boston, Marekani, Mzungu, kijana wa miaka 25 alipoanzisha gazeti lake la kupinga utumwa tarehe 1 Januari 1831. Katika toleo la kwanza alitangaza kwamba hatarudi nyuma hata inchi moja, na kwamba atasikika. Alitaka utumwa uishe sasa, wote, na wenye watumwa wasilipwe hata senti. Mwaka 1835 kundi la watu lilimkamata na kumkokota kwa kamba katika mitaa ya Boston. Aliendelea kuchapa.

Kwake utumwa ulikuwa dhambi, na dhambi haipunguzwi kidogo kidogo. Humwambii mwizi aibe kwa zamu. Katiba ya Marekani iliuvumilia utumwa, kwa hiyo akaiita kwa maneno ya Isaya, agano na mauti, mapatano na kuzimu. Hakupiga kura. Alitaka majimbo ya kaskazini yajitenge, yasiwe na muungano na wenye watumwa. Tarehe 4 Julai 1854, siku taifa zima lilipokuwa linasherehekea uhuru wake, alisimama mbele ya umati pale Framingham akaichoma moto nakala ya katiba.

Nilisoma hayo saa nane ya usiku na moyo ukanienda mbio.

Nilimwona mtu ambaye angesimama pale barazani, akalitamka neno lenyewe, akaivunja ile heshima ya uongo, akaondoka bila kuaga. Nilimpigia simu mdogo wangu Dar kulipokucha. Yeye hata hakunisubiri nimalize. "Tujitoe, kaka. Tusikanyage kwao. Hata msiba wao tusiende."

Kwa siku mbili hivi niliamini kwamba nimepata jibu.

## Anayebaki

Siku ya tatu dada yangu alikuja nyumbani kuleta samaki. Nikamweleza mpango wa kujitoa. Akauliza jambo moja tu: "Na mimi mtaniacha na nani?"

Yeye anaishi kwenye nyumba ya ukoo, na binti yake naye yumo humo humo. Mdogo wangu akijitoa, anajitoa akiwa Dar, na jioni anarudi kwake anakula ubwabwa wake kwa amani. Wanaobaki ndani ni wale wale ambao jambo linawahusu.

Ndipo nikaelewa kwa nini Frederick Douglass aliachana na Garrison.

Douglass alizaliwa mtumwa Maryland. Alitoroka tarehe 3 Septemba 1838, amevaa mavazi ya baharia, akapanda treni mchana kweupe akiwa na karatasi za mtu mwingine. Garrison na wenzake wakampa jukwaa, na kwa miaka alisema kama walivyosema wao: katiba imeoza, kura haina maana, muungano uvunjwe. Halafu mwaka 1851 akatangaza kwamba amebadilika. Katiba inaweza kusomwa upande wa uhuru, na itumike. Siasa inaweza kuwa silaha, na ishikwe.

Hoja yake dhidi ya kujitenga ndiyo iliyonikaa. Kaskazini ikijitoa inajisafisha mikono yake yenyewe, na mamilioni ya watumwa wanabaki kusini peke yao na mabwana zao. Dada yangu hajawahi kumsoma Douglass, lakini alikuwa ameisema hoja hiyo hiyo huku ameshika ndoo ya samaki.

Urafiki wao ulikufa vibaya. Magazeti yao yalishambuliana, na mambo ya ndani yakatolewa nje. Mimi nilitaka sana mmoja wao awe mbaya ili kazi yangu iwe rahisi. Hakuna.

## Pauni 150

Kuna jambo jingine katika maisha ya Douglass ambalo limenisumbua kuliko hata huo ugomvi.

Mwaka 1846, akiwa Uingereza akihutubia, bado kisheria alikuwa mali ya mtu. Angerudi Marekani angeweza kukamatwa. Marafiki zake wa Uingereza wakachanga pauni 150 wakamlipa Hugh Auld, bwana wake, na Auld akaandika karatasi ya kumwacha huru.

Baadhi ya wenye msimamo mkali wakakasirika. Ukimlipa mwizi wa watu umekubali kwamba mtu ni bidhaa. Garrison mwenyewe, yule wa kuchoma katiba, alimtetea rafiki yake katika hilo. Douglass aliwajibu waliomlaumu: ile ilikuwa fidia anayopewa mtekaji ili amwachie mateka, na kutoa fidia si kukiri kwamba utekaji ni haki.

Mimi ninaposoma hapo nawaona wote wawili wako sawa. Karatasi ile ilikuwa matusi. Na bila karatasi ile angeweza kuburutwa kurudi Maryland.

Waliochagua siasa nao walionja uchungu wao. Mwaka 1840 baadhi walimwacha Garrison wakaunda chama, Liberty Party, wakamsimamisha James Birney kugombea urais, mtu ambaye zamani alikuwa na watumwa akawaacha huru. Alipata kura kama 7,000 nchi nzima. Mwaka 1844 zikafika kama 62,000. Lakini wengi waliamini kwamba kura hizo katika jimbo la New York zilimwangusha Henry Clay na kumpa ushindi James Polk, mwenye watumwa aliyetaka Texas iingizwe ndani ya muungano. Texas ikaingia, na utumwa wake. Watu walipiga kura safi, utumwa ukapata nchi mpya.

Basi hata sanduku la kura linaweza kukugeuka.

## Watakaozaliwa baadaye

Wiki ya nne shemeji yangu, mtu mwema, mpatanishi wa ukoo kwa tabia, alinijia na suluhu. Aliifikiria vizuri. Kijana na binti waoane, lakini Dar, kimya kimya, ami akiwa walii, bila wazee wa huku kuhudhuria na bila wazee kupinga. Hakuna atakayeaibishwa. "Muhimu watoto," alisema. "Watakapozaliwa, nani atawauliza asili yao? Wazee watawabeba mapajani, yataisha."

Nilikaribia kumkumbatia. Kila mtu angepata chake. Hata mimi, maana nisingelazimika kusema lolote.

Usiku ule nikarudi kwenye vitabu, safari hii kwa mambo yetu ya huku, na nikakutana na amri ya Wajerumani ya Desemba 1904.

Wengi tunadhani Mjerumani alipoingia alikomesha utumwa. Alipiga marufuku biashara, lakini utumwa wenyewe hakuufuta katika utawala wake wote. Alikuwa ametoka kupigana vita na watu wa pwani mwaka 1888 na 1889, na hakutaka kuwaudhi tena wenye nyumba ambao sasa walikuwa majumbe na maakida wake. Wala hakutaka kuwalipa. Mwaka 1901 akatoa amri kwamba mtumwa anaweza kujinunua. Mwaka 1904 akaongeza nyingine: watoto wote watakaozaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 watakuwa huru.

Mtoto aliyezaliwa jioni ya tarehe 31, mtumwa. Aliyezaliwa alfajiri yake, huru. Mama yao, mtumwa. Na hakuna bwana aliyeambiwa kwamba amekosa.

Nikaiweka kalamu chini. Suluhu ya shemeji yangu ilikuwa amri ya 1904.

## Punje kwa punje

Tangu hapo zile tarehe za ubaoni nazisoma kwa namna nyingine. Mwaka 1822 Sultani wa Omani na Unguja anakubali watumwa wasiuzwe kwa Wakristo. Mwaka 1845 wasipelekwe Arabuni. Mwaka 1873 manowari za Waingereza zikitishia kuifunga bahari, Sultani Barghash anatia saini, soko la watumwa la Mkunazini, Unguja, linafungwa, na misafara ya Kilwa inageuza njia, inapanda kaskazini kwa miguu. Mwaka 1876 nayo inapigwa marufuku. Mwaka 1897 hali ya utumwa inafutwa kisheria Unguja na Pemba, lakini mtumwa lazima aende mwenyewe mahakamani kuomba, na bwana analipwa fidia. Masuria hawamo. Wao walingoja hadi 1909.

Huku bara, Tanganyika, utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1922, na Mwingereza, kwa karatasi.

Waingereza walishafanya hivyo kwao kabla. Sheria yao ya 1833 iliwatengea wenye watumwa pauni milioni 20. Watumwa hawakupewa kitu. Waliambiwa wafanye kazi kwanza kama wanagenzi, na wakawa huru kweli mwaka 1838 tu. Fikiria nani alilipwa, na kwa hasara gani.

Sisemi sheria hizo zilikuwa bure. Mtu aliyekuwa ndani ya jahazi mwaka 1874, likakamatwa baharini, hakuhitaji hotuba ya Boston. Alihitaji jahazi likamatwe. Naliamini hilo kwa moyo wote, na mtu akija kuniambia kwamba sheria nusunusu ni sawa na kutokuwepo kwa sheria, nitamuuliza kama babu yake alikuwa ndani ya jahazi au nje.

Lakini katika hesabu yote hiyo, miaka 100 kamili kutoka 1822 hadi 1922, natafuta siku ambayo nyumba kama yetu ilikalishwa ikaambiwa: mlichofanya ni dhuluma. Siioni. Dini ilisema kumwacha mtumwa huru ni thawabu, na Suratul Balad inakutaja huko kama njia ya mlima mgumu. Nyumba yetu ikalipokea hilo kama sifa ya anayeacha huru. Anayeachwa akatakiwa ashukuru. Wakoloni walisema utumwa umepitwa na wakati, na walilisema hilo wakiwa na viboko vyao wenyewe mkononi na watu wetu shambani kwa shuruti. Nani angewasikiliza?

Garrison, kwa makosa yake yote, alitoka ndani. Aliwaambia watu wake mwenyewe, kwa lugha yao, kwa Biblia yao, wakamfunga kamba. Katika masimulizi niliyolelewa nayo Mikindani, mtu wa namna hiyo hayumo. Yumo bwana mkarimu. Yumo mtumwa mwaminifu. Yumo Mzungu na sheria yake.

Kwa hiyo neno lilibadilishwa, likawekwa kabatini pamoja na vyombo vya wageni. Hutolewa siku ya posa.

## Mei 1865

Sasa niseme jambo lililonigeuza, maana sikulitarajia.

Vita vya Marekani vikaisha Aprili 1865. Bunge lao lilikuwa limeshapitisha badiliko la kufuta utumwa, likisubiri majimbo yaliridhie. Mwezi Mei chama cha kupinga utumwa kilikutana, na mtu mmoja akasimama akapendekeza kivunjwe. Kazi imekwisha, tumeshinda, twende nyumbani.

Mtu huyo alikuwa Garrison.

Yule wa sasa-hivi, wa kutorudi nyuma hata inchi. Sheria ilipoandikwa, sheria ile ile aliyokuwa haiamini, aliona imetosha. Na aliyesimama kumpinga ni Douglass, yule wa siasa, yule aliyelaumiwa kwa kupatana na katiba. Alisema utumwa haujafutwa mpaka mtu mweusi apate kura. Akawakumbusha kwamba utumwa umeshaitwa kwa majina mengi na utajiita kwa jina jingine tena, kwa hiyo ni afadhali wangoje waone nyoka huyu wa zamani atatoka na ngozi gani mpya.

Wajumbe wengi walikuwa upande wa Douglass. Chama kikaendelea mpaka 1870.

Nilisoma maneno hayo ya ngozi ya nyoka nikaifunga kompyuta.

Mtu wa nyumba. Mzalia. Wametoka kwetu.

Wiki zote hizi nilikuwa najiuliza nani alikuwa na njia sahihi, anayevunja au anayepatana. Nadhani nilikuwa nauliza ili nichague moja, nipumzike. Lakini Douglass alijua ngozi mpya itakuja kwa sababu alikuwa amewahi kuishi ndani ya ile ya zamani. Garrison hakuwahi. Na mimi, je, ningejuaje jambo limeisha lini, mimi mjukuu wa wenye nyumba? Aliyepaswa kuniambia alikuwa Lindi, na mimi nilikwenda kwake kusema binti bado anasoma.

## Njia panda ya Mnazi Mmoja

Nilipanda basi tena wiki ya sita. Sikutumwa na mtu.

Pale Mnazi Mmoja, njia panda ya Masasi, basi lilisimama vijana wakatuuzia korosho dirishani. Niliitazama barabara ya Masasi. Mwaka 1876 Askofu Steere aliongoza kundi la watu walioachwa huru kutoka Unguja kuelekea huko, akikusudia kuwarudisha upande wa Nyasa, na wakaishia kujenga Masasi. Nimefundisha hilo mara nyingi kama habari ya misheni. Siku hiyo nililifikiria kama habari ya watu waliokuwa wanaelekea kwao, wakashuka njiani.

Mzee alinipokea kama mwanzo, kwa chai. Nilimwambia kabla sijaionja. Nilimwambia kwamba binti hasomi, kwamba niliyoyasema yalikuwa uongo, na sababu yenyewe ni hii. Nikalitamka neno. Mkono ulikuwa unatetemeka, na nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake, labda hata niliitamani.

Hakukasirika. Aliita mjukuu amletee miwani, akaivaa, akanitazama.

"Babu yangu hakuachwa huru na mtu," alisema. "Hakuwa na karatasi. Siku moja aliaga anakwenda kuchokoa pweza, maji yametoka. Akaenda. Akaendelea na njia." Akacheka kidogo. "Alifika huku akapata kibarua kwenye mkonge. Akaoa. Waliomfuata waliambiwa hayupo."

Sikuwa na la kusema. Katika majuma sita ya kusoma nilikuwa nimewapima wachoma katiba na wapiga kura, masultani na manowari. Mtu anayeondoka na mkuki wa pweza asirudi nilimpita kila ukurasa bila kumwona, ingawa wanahistoria wameshaandika kwamba ndivyo utumwa ulivyokufa sehemu kubwa ya nchi yetu: watu walitoka, wakaenda kwenye mashamba, kwenye reli, mjini, na sheria ikaja nyuma kuandika kilichokwisha kutokea. Douglass naye, kabla ya kuwa wa Garrison au wa siasa, alipanda treni.

Kisha mzee akauliza. "Haya uliyoniambia mimi, mjomba wako umemwambia?"

Nikasema bado.

"Mimi nilikuwa nayajua," alisema.

## Ijumaa

Nilikwenda kwa mjomba Ijumaa baada ya swala. Walikuwepo watu sita, na dada yangu akaacha jiko akaja kukaa, jambo ambalo hakulifanya siku ile ya kwanza.

Sikuchoma kitu. Sikusema najitoa. Niliwaambia kwamba babu yetu alimfanya mtu kuwa mtumwa, nikatumia neno hilo hilo, na kwamba mtu yule alikimbia kutoka katika nyumba hii kwa sababu tulimdhulumu, na kwamba leo tunamkataza mjukuu wa mtoto wake kwa kosa tulilolifanya sisi. Nikasema sitaki ndoa ya Dar ya kujificha. Nataka ndoa ya hapa, kwenye mkeka wa baraza hili, na kabla ya hapo nataka mjomba aende Lindi.

Mama mkubwa aliondoka kabla sijamaliza. Mmoja wa wazee alisema nimelishwa maneno na vitabu. Shemeji yangu hakuniangalia, na hilo liliniuma kuliko mengine, kwa kuwa nia yake ilikuwa njema tangu mwanzo.

Mjomba ana miaka 84. Alikaa muda mrefu. Kisha akasema jambo ambalo sijui bado nilipokee vipi. Alisema alipokuwa mtoto kulikuwa na chumba cha uani ambacho hawakuruhusiwa kuingia, na bibi yake alikiita chumba cha mvuvi. Alidhani ni kwa sababu ya nyavu.

"Alichukua na mkuki wetu," alisema.

Hakuongeza neno. Akanyanyuka kwenda kuswali alasiri.

Mzee wa Lindi amesema hataleta posa mara ya pili. Ikiwa inatakiwa, aitwe, na aitwe na mwenyewe. Namba yake ya simu nimeiandika kwa maandishi makubwa kwenye karatasi, nikaiweka chini ya redio ya mjomba, mahali anapopaona kila asubuhi. Dada anasema hajaigusa, lakini hajaitupa. Binti ameanza kazi Mtwara mjini na kijana anakuja kila Jumamosi, wanakaa barazani mbele ya watu wote, na dada yangu anawapelekea chai.